Kuondoa chumvi ya theluji kwenye kabro za uwanja wa nyumba: mwongozo kamili

Kila mwaka Machi ikikaribia, hapa Sheffield, Uingereza, napigiwa simu ileile. Mtu ameamka, jua limewaka siku mbili mfululizo, na uwanja anapoegesha gari umekuwa mweupe kwa chumvi, ile inayomwagwa wakati wa baridi kuyeyusha theluji na barafu. Amefagia, weupe haukutoka. Amemwaga ndoo tatu za maji, weupe ukapotea na roho ikatulia. Kesho yake asubuhi umerudi, na safari hii umeenea hadi mlangoni.

Mimi nimekulia upande wa Malindi, na ukipita Gongoni utayaona mashamba ya chumvi yametandaa. Kazi ya pale ni rahisi kuieleza: maji ya bahari huingizwa kwenye vidimbwi visivyo na kina, jua na upepo vinayachukua maji, chumvi inabaki, watu wanakuja kuikwangua. Anayemwaga ndoo tatu kwenye kabro zake kisha akaingia ndani kunywa chai anafanya kazi hiyohiyo. Maji yameyeyusha chumvi, yameisambaza, yamekauka, na chumvi imebaki. Mwongozo huu wote unasimama juu ya jambo hilo moja: maji unayotumia lazima yaondoke uwanjani yangali maji.

Nasema kabro kwa kuwa ndivyo tunavyoziita Kenya. Tanzania wengi husema pevingi. Ni zile tofali ndogo za zege, kwa kawaida sentimita 20 kwa 10, zinazopangwa juu ya mchanga bila saruji kati yake. Kumbuka huo mchanga, tutaurudia.

Chumvi imetoka wapi na inaharibu nini

Chumvi nyingi ya barabarani Uingereza si nyeupe. Ni chumvi ya mawe, ya kahawia au ya waridi, inayochimbwa chini ya ardhi. Mgodi unaojulikana zaidi ni wa Winsford, Cheshire, ulioanza 1844. Rangi ile ni ya udongo uliochanganyika nayo tangu ardhini. Kwa hiyo uwanja mmoja unaweza kuwa na uchafu wa aina mbili, weupe wa chumvi na wekundu wa udongo, na kila mmoja una namna yake ya kuondoka.

Si lazima uwe umeimwaga wewe. Gari likirudi kutoka barabara kuu linabeba chumvi tumboni na kwenye matao ya magurudumu. Usiku theluji iliyogandia huko inalegea na kudondoka. Uwanja wangu mimi siutii chumvi ila kwenye kidato cha mlango, lakini kufika Februari huwa una mabaka manne, moja kwa kila gurudumu. Ukichuchumaa karibu utaona ukingo wa baka ni mweupe kuliko katikati yake, kwa sababu tone linapokauka huisukuma chumvi pembeni. Ukiona mabaka ya namna hiyo, chanzo ni gari.

Chumvi yenyewe haili zege haraka. Ubaya wake ni kwamba inaifanya kabro ikae na unyevu muda mrefu, na unyevu huo unaganda na kuyeyuka, unaganda na kuyeyuka, majira yote ya baridi. Maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi. Ndani ya vitundu vidogo vya zege nafasi hiyo haipo, basi uso wa kabro unaanza kubanduka kama magamba. Juu ya hapo, chumvi inapokauka ndani ya vitundu hivyo huunda fuwele, nazo zinasukuma. Kabro iliyokwisha kubanduka haina tiba, hung'olewa ikawekwa nyingine. Weupe ni jambo la kutazamika tu. Kinachonifanya niandike ni hayo magamba, kwa sababu nimewaona watu waliolipa pesa nyingi kuweka kabro na baada ya miaka michache uso wote umekuwa wa kokoto.

Kwanza hakikisha ni chumvi

Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa hiyo twende polepole.

Kabro, hasa mpya, hutoa weupe wao wenyewe usiohusiana na theluji. Ni chokaa iliyomo kwenye saruji: inapanda juu na unyevu, inakutana na hewa, inageuka kuwa ganda gumu jeupe. Tatizo ni kwamba weupe wa chokaa nao hupotea ukiumwagia maji na kurudi ukikauka, kwa hiyo macho peke yake hayatoshi. Tofauti ni kwamba chokaa haikuyeyuka, ilikuwa haionekani tu kwa sababu ya maji.

Chukua kisu butu au kijiko, ukwangue unga mweupe nusu kijiko cha chai kutoka mahali pakavu. Utie kwenye glasi ya maji ya kawaida, ukoroge nusu dakika, uiache itulie. Ikiwa ni chumvi ya barabarani, maji yatakuwa maangavu na chini kubaki chembe za mchanga na labda tope jekundu kidogo. Ikiwa ni chokaa, maji yatakuwa kama ya kuoshea mchele, na unga utashuka taratibu na kukaa chini. Mwaga maji ya juu kwa uangalifu, dondoshea siki nyeupe matone machache kwenye unga uliobaki. Ukichemka na kutoa mapovu, ni chokaa.

Mara nyingi utapata vyote viwili. Basi anza na chumvi, maana chumvi inatoka kwa maji tu, na ukishaitoa ndipo utajua chokaa imebaki kiasi gani.

Kuna aina ya tatu ambayo haiwi nyeupe kabisa. Baadhi ya dawa za kuyeyusha barafu zinazouzwa madukani ni kalsiamu kloridi, na hii hunyonya unyevu kutoka hewani. Dalili yake ni baka jeusi linalobaki limelowa na kuteleza hata siku ambayo uwanja wote umekauka, mpaka mtu anadhani gari linavuja oili. Ligusishe karatasi ya jikoni: oili huacha doa linalobaki, maji ya kalsiamu kloridi hayana rangi. Nayo huondolewa kwa njia ileile ya hapa chini.

Siku ya kufanya kazi

Usioshe uwanja siku ambayo usiku wake kutaganda. Utakuwa umejitengenezea sakafu ya barafu mbele ya mlango, na umejaza kabro maji tayari kwa kupasuka. Nangoja utabiri wa siku mbili au tatu zisizoshuka chini ya nyuzi 5 mchana na zisizofika sifuri usiku. Siku ya mawingu ni bora kuliko ya jua kali na upepo, kwani maji yanakupa muda kabla ya kukauka. Siku ya mvua ya rasharasha pia inafaa sana, ukikubali kulowa.

Usafi mkubwa mmoja wa Machi au Aprili unatosha kwa uwanja wa kawaida. Lakini katikati ya baridi, kila theluji inapoyeyuka, chukua dakika kumi ufagie zile punje zilizobaki. Punje uliyoizoa ingali punje hutahitaji kuifukuza ikiwa imeshazama ndani ya kabro.

Vifaa

Ufagio wa nje wenye nywele ngumu za plastiki. Brashi ya waya iache kabisa: inakwaruza, na vipande vyake vikikatika vinabaki kwenye mianya na kutoa kutu. Kizoleo na ndoo mbili. Mpira wa bustani wenye kichwa cha kurekebisha. Mpira wa kusukumia maji wenye mpini mrefu, ule wa kukaushia sakafu. Ukiweza, mashine ya kuvuta vumbi inayovuta na maji. Huazimwa au kukodishwa, na kwenye uwanja ulio bapa ndiyo inayoamua kama kazi itafaulu. Glavu za mpira na mabuti, kwa sababu maji ya chumvi na baridi huichana ngozi.

Maji ya moto hayahitajiki. Watu hupasha sufuria na kubeba mvuke nje wakidhani chumvi itayeyuka upesi, lakini lita moja ya maji hubeba karibu gramu 360 za chumvi hii, na tofauti kati ya maji ya barafu na maji ya vuguvugu ni ndogo mno. Okoa gesi yako.

Na siki? Siki ndiyo ushauri unaozunguka kila mahali, na kwa chumvi ya theluji naupinga. Chumvi hiyo haihitaji asidi yoyote ili iyeyuke, ilhali saruji ya kabro inaliwa na asidi hata ile ya jikoni. Unaiumiza kabro ili kuondoa kitu ambacho maji yangekiondoa bure.

Kazi yenyewe

*Fagia kukavu.* Anza kabla ya tone la maji kugusa uwanja. Fagia kwa kukata mianya kwa mshazari ili nywele za ufagio zisichimbe mchanga. Zoa kila kitu, usisukumie kwenye nyasi wala mtaroni. Utashangaa uzito wake. Kwenye uwanja uliomwagwa mifuko mizima nimezoa nusu ndoo ya punje. Zikiwa bado safi zikaushe, uzitunze kwa baridi ijayo.

*Jua maji yanaelekea wapi.* Mwaga kikombe kimoja cha maji sehemu ya juu uone yanakokwenda. Viwanja vingi vina mteremko mdogo kuelekea mtaro au kitalu cha bustani. Kama yanaelekea bustanini, utayakatiza kwa mpira wa kusukumia na kuyavuta. Fahamu pia kwamba mitaro mingi ya maji ya mvua Uingereza huenda moja kwa moja mtoni bila kusafishwa, na chumvi nyingi huwadhuru samaki na viumbe wa mto. Ndiyo sababu ya kuzoa punje kwanza. Maji ya ndoo na ya mashine, yaliyo mazito kwa chumvi, yapeleke kwenye shimo la maji machafu ya jikoni au umwage chooni.

*Gawa uwanja vipande.* Mita mbili kwa moja kila kimoja, ukianzia juu ukishuka. Kosa la kulowesha uwanja wote kwa pamoja ni kwamba ukifika mwisho, mwanzo umeshakauka.

*Lowesha, ngoja, sugua.* Weka kichwa cha mpira kwenye mnyunyizo mpana, presha ya kawaida. Lowesha kipande hadi uso ung'ae, kisha ngoja dakika tatu hadi tano. Muda huo si wa kupoteza: maji yanaingia kwenye vitundu na chumvi inatoka nje kuyafuata. Ukiona kabro imeanza kunyonya na kufifia, ongeza kidogo. Sugua kwa ufagio, mara mbili kwa kukata mianya kwa mshazari.

*Ondoa maji.* Hapa ndipo penye kazi yote. Kabla hujasuuza, vuta yale maji ya kwanza kwa mashine, au yasukume kwa mpira mpaka kwenye kizoleo na ndoo. Ni ya rangi ya chai ya maziwa na ndiyo yenye chumvi nyingi kuliko yote yatakayofuata. Ukiyaacha ukaanza kumwagia mengine juu yake, sehemu kubwa itapenya kwenye mianya hadi kwenye mchanga wa chini, ambako itasubiri siku za ukame ipande tena.

*Suuza mara mbili,* kila mara ukiyasukuma maji kuteremka hadi yatoke kwenye kipande. Suuza mbili za maji machache ukiyaondoa zinashinda suuza moja ya maji mengi yanayoachwa. Kisha hamia kipande kinachofuata.

Uwanja wa mita za mraba 40 hunichukua asubuhi nzima nikiwa peke yangu, nusu yake tukiwa wawili, mmoja wa mpira wa maji na mwingine wa kusukuma.

Angalizo kwa wenye viwanja vipya. Huku England, tangu 2008, kufunika uwanja wa mbele wa zaidi ya mita 5 za mraba kwa sakafu isiyopitisha maji kunahitaji kibali, isipokuwa maji yake yaelekezwe kwenye ardhi inayoyanywa. Kwa hiyo watu wengi waliweka kabro za kupitisha maji, zile zenye mianya mipana iliyojazwa vijiwe vidogo badala ya mchanga. Kwa hizo usihangaike na mpira wa kusukuma: fagia kukavu kwa bidii zaidi, kisha suuza kwa maji mengi yashuke moja kwa moja. Na kamwe usizitie mchanga laini, utaziba njia ya maji na uwanja utageuka bwawa.

Kujua kama imetoka

Kusubiri uwanja ukauke ili uone ni kuchelewa. Mimi natumia kioo. Chukua kipande cha kioo safi au sahani nyeusi. Upande wa kushoto dondosha tone la maji ya bomba, kulia tone la maji ya suuza ya mwisho uliyoyachota kwenye kabro. Weka juu ya rediata ya kupashia nyumba joto. Baada ya robo saa yote mawili yamekauka, ulinganishe.

Tone la bomba ni la lazima, maana maji hayafanani. Ya Sheffield ni laini, tone lake likikauka huoni kitu. Ya London na kusini mashariki yamejaa chokaa, tone lake huacha duara jeupe hata kama hakuna chumvi. Unachotafuta ni tofauti kati ya matone mawili. Ukiwa bado na chumvi, tone la kulia litaacha duara nene, na ukilitazama kwa kamera ya simu ukikuza picha utaona vijiwe vya pembe nne, kama sukari iliyosagwa lakini vimenyooka kingo. Hizo ni fuwele za chumvi. Suuza tena kipande hicho. Matone mawili yakikaribiana, acha.

Weupe kidogo ukirudi baada ya wiki moja, usivunjike moyo. Chumvi iliyokuwa ndani kabisa inapanda sasa. Fagia unga huo kukavu, rudia suuza moja. Mara ya tatu huwa haipo, isipokuwa kama chumvi ilimwagwa kwa miaka mingi.

Kwa baka sugu karibu na kidato cha mlango, mahali panapomwagwa chumvi kila siku, nina njia ya taratibu. Kunja karatasi za jikoni tabaka nne au tano, zilowe maji safi, kisha zibandike juu ya baka na kuzikandamiza kwa kiganja zishikane na kabro bila hewa katikati. Ziache zikauke zenyewe, siku nzima au mbili. Unyevu unapopanda kutoka kwenye kabro kupitia karatasi unaibeba chumvi, nayo inakaukia kwenye karatasi badala ya kwenye kabro. Ukiibandua utaisikia karatasi ngumu, inakwaruza vidole. Rudia kwa karatasi mpya. Tatizo pekee ni upepo, kwa hiyo bana pembe nne kwa vijiwe.

Kuhusu mashine ya presha

Siikatazi, lakini imeharibu viwanja vingi kuliko chumvi. Kabro hazijashikwa na saruji. Zinashikana kwa sababu ya mchanga uliojaa kwenye mianya ya milimita chache. Mashine ikielekezwa wima inaufukua mchanga wote. Uwanja unang'aa jioni ile, na miezi mitatu baadaye kabro zinacheza gari likipita. Tena maji ya presha huipeleka chumvi ndani zaidi, na hatukuwa tunataka hivyo.

Ukilazimika, tumia kichwa cha mnyunyizo mpana, usitumie kile kinachozunguka kwa ncha moja. Laza mkono maji yapige kwa mshazari, kaa sentimita 30 hivi kutoka kwenye kabro, na usisimame mahali pamoja. Halafu yaondoe maji vilevile.

Madoa yanayobaki

Tope jekundu la chumvi ya mawe hutoka kwa maji na sabuni isiyo na asidi wala klorini, ile ya kuoshea vyombo inatosha, ukisugua na kusuuza. Maji hayo ya sabuni yasiende kwenye mtaro wa mvua.

Vidoa vya kutu, vinavyotokana na vumbi la breki au koleo lililosahauliwa nje, vina dawa maalumu zenye asidi ya oksaliki. Jaribu kwenye kabro moja iliyo pembeni kwanza, kwa sababu inaweza kufifisha rangi.

Chokaa, ikiwa kabro ni za mwaka wa kwanza au wa pili, iache. Mvua huiondoa yenyewe mara nyingi. Ikikukera sana kuna asidi za kuondolea chokaa, na nyingi ni asidi hidrokloriki. Hiyo si kazi ya Jumamosi na watoto nje. Miwani, glavu, mikono mirefu; asidi ndiyo hutiwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi; na isikutane na klorini ya kufulia hata tone, kwani hutoa hewa ya sumu. Nyumba ikiwa ya kupanga, usiguse asidi bila idhini ya mwenye nyumba.

Kurudisha mchanga na kupaka sila

Uwanja ukikauka kabisa, pita ukitazama mianya. Ukiona mchanga umeshuka zaidi ya milimita tano hivi kutoka juu, ongeza. Unaotakiwa ni mchanga laini uliokaushwa kwa tanuri, unaouzwa kwenye mifuko. Mchanga wa kujengea wenye unyevu hauingii, unajikunja juu ya mianya na kuondoka na mvua ya kwanza. Mwaga kidogo, fagia kwa mshazari huku na huku mpaka mianya isimeze tena, kisha fagia ziada. Siku chache baadaye, ukiwa umeshuka, rudia.

Sila, dawa ya kupaka kabro ili zisinyonye maji, ni hiari. Ikiwa utapaka, chagua inayozama ndani ya kabro na kuacha unyevu utoke, si inayotanda juu kama vanishi. Na usipake kabla ya kipimo cha kioo kuwa safi na uwanja kukaa mkavu siku kadhaa. Chumvi ikifungiwa chini ya sila itaendelea kusukuma kutoka chini, sila inageuka ukungu mweupe, na kuibandua ni kazi kubwa na ya gharama kuliko yote iliyotangulia.

Nyasi na maua ya pembeni yaliyomwagikiwa: yape maji mengi safi siku mbili tatu ardhi ikiwa inapitisha maji. Udongo mzito wa mfinyanzi husaidiwa na jasi, inayoitoa chumvi kwenye udongo.

Baridi ijayo

Ushauri wa serikali ya Uingereza kwa anayesafisha njia yake ni kijiko kimoja kikubwa cha chumvi kwa mita moja ya mraba, kwenye sehemu uliyokwisha kuondoa theluji. Sasa hesabu. Uwanja wa mita 40 unahitaji vijiko 40, yaani haifiki kilo moja. Mtu anayemwaga mfuko mzima wa kilo 25 ametumia zaidi ya mara thelathini ya inayohitajika, na barafu haikuyeyuka kwa kasi mara thelathini. Hiyo ziada ndiyo ninayokuja kuitoa Machi.

Kwa hiyo: theluji iondoe kwa koleo la plastiki ingali laini, kabla gari halijaikanyaga. Nyunyiza chumvi jioni kabla ya kuganda, si juu ya theluji nene. Nyunyiza pale miguu inapopita, kutoka mlangoni hadi kwenye gari. Uwanja uliobaki hauna haja. Masanduku ya chumvi yanayowekwa kando ya barabara ni ya barabara na njia za umma, usichote kwa ajili ya nyumbani.

Chumvi ya kawaida huanza kuchoka ikifika chini ya nyuzi 7 chini ya sifuri hivi. Hapa Uingereza mjini hatufiki huko mara nyingi, lakini ndugu zetu walioko Minnesota au Kanada wanaishi nako kwa wiki nzima, na kuongeza chumvi hakusaidii. Hapo tumia kalsiamu kloridi kidogo sana, au mchanga mkavu wa chembe kubwa ili miguu ishike, na uuzoe baadaye. Wenye kabro za kupitisha maji watumie vijiwe badala ya mchanga. Mbolea za amonia, ambazo wengine huzimwaga kwa sababu nazo huyeyusha barafu, zina kemikali inayoila saruji yenyewe; usizitie kwenye zege la aina yoyote. Na kabro zilizowekwa mwaka huu zipitishe baridi yao ya kwanza bila chumvi kabisa ikiwezekana.

Mlangoni kwetu wageni huvua viatu, na chumvi yote ya soli inabaki kwenye kidato kimoja, ndicho kinachobanduka wa kwanza. Weka mkeka wa mpira wa nje wenye matundu juu ya kidato, na mwingine wa kitambaa ndani. Kila Ijumaa uinue ule wa mpira, uukung'ute kwenye ndoo, ufagie chini yake.

Mfuko wa chumvi ufunge mdomo vizuri na uuinue kwenye rafu isiyogusa sakafu ya gereji, maana mfuko uliochanika hunyonya unyevu na kuvujia zege wakati wote wa kiangazi. Ndani yake tumbukiza kile kijiko kikubwa, ili anayefungua asubuhi ya baridi ya kwanza apimie nacho.